RAMADHANI, SIKU YA 17: UKIFUNGWA, PISHA



Ndugu zangu, ukipita vijiweni hapa Mpanda, iwe Makanyagio au Kashaulili, utakuta drafti la visoda na sheria moja isiyoandikwa: aliyefungwa anapisha. Atataniwa, atacheka au atanuna, lakini atanyanyuka mwingine akae.

Siku hizi baadhi ya vijana wetu, wakisubiri futari, wanacheza chesi, yaani sataranji, kwenye simu na watu wasiowajua. Huko hakuna wa kukunyanyua. Na hapo ndipo tabia ya mtu inapojulikana.

Akiona mfalme wake amebanwa, anaiacha saa itembee. Amebakiwa na dakika 8, hachezi wala hakubali kushindwa. Mwenzake akodolee simu mpaka dakika ziishe. Mwingine anaporomosha matusi. Mwingine anafungua programu nyingine pembeni imchezee, halafu anajiita mshindi. Ndugu yangu, huo si ujanja. Unampotezea mtu muda wake na bando lake, tena unamdanganya. Haki ya mtu ni haki ya mtu, hata kama yuko Brazili na hujawahi kumwona sura.

Sasa fikiria swaumu yako. Ungeweza kujifungia chumbani ukanywa maji, na nani angejua? Hunywi kwa sababu Allah (S.W.T.) anakuona. Basi anayekuona usinywe maji, anaiona pia ile saa unayoiacha itembee.

Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike akiitwa Al-Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi mbio. Siku moja bedui akaja na ngamia wake mchanga, akampita. Masahaba wakaumia sana. Hatusomi kwamba Mtume alitafuta kisingizio. Aliwafundisha kwamba hakuna kinachopanda hapa duniani ila Allah atakishusha. Ikiwa ngamia wa Mtume alipitwa, wewe ni nani usifungwe?

Na kufungwa kuna faida kwa anayekubali. Phiona Mutesi, binti wa Katwe kule Kampala, alikwenda Olimpiadi ya chesi nchini Urusi mwaka 2010, akapoteza michezo mingi. Hakususa. Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya Istanbul, akapata cheo cha kimataifa.

Tukumbushane pia: wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu mchezo wenyewe. Lakini ukiingia kamari, au ukikupitisha wakati wa swala, hapo hakuna mjadala, ni haramu.

*Kazi ya leo:*
1. Ukiona huna njia, kubali kushindwa na umwandikie mwenzako, "Umecheza vizuri."
2. Ukitukanwa, usijibu tusi. Jiambie umefunga, kama tulivyofundishwa na Mtume (S.A.W.).
3. Ukihisi hasira, weka simu chini, katie udhu. Usianze mchezo mwingine wa kulipiza kisasi.

Kijana anayeweza kupisha kwenye simu, kesho ataweza kupisha kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, au akiwa na mkewe ndani ya nyumba.

Yaa Allah, tupe nyoyo zinazokubali haki, zikishinda na zikishindwa. Utukubalie swaumu zetu. Aamiin.

Mfikishie na mwenzako. Tukutane kwenye tarawehe, inshaAllah.