Mkanda Unapolia, Mzigo Uko Hatarini: Kukagua na Kubadilisha Tenshena ya Gari la Shamba

Tumezoea kuongea mbegu, mbolea na viuatilifu, ila leo tunafungua boneti. Sababu ni moja tu: nyanya iliyoshavunwa haimsubiri fundi. Umepakia mzigo Ilula kwenda Dar es Salaam, gari linakulalia njiani siku mbili. Matenga ya chini yanaanza kutoa maji, na bei uliyokubaliana na dalali haipo tena. Mara nyingi chanzo cha balaa lote hilo ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani.

Tenshena ni nini?

Mbele ya injini kuna mkanda mpana wenye mifereji unaozunguka puli kadhaa. Unazungusha alteneta inayochaji betri, pampu ya stelingi, kompresa ya AC, na kwenye magari mengi pampu ya maji pia. Tenshena ni mkono wenye springi, na mwishoni mwake kuna roli yenye beringi. Kazi yake ni kuusukuma mkanda ubane sawasawa muda wote, injini ikiwa ya baridi au ya moto.

Usiuchanganye mkanda huu na ule wa taiming uliofichwa ndani ya kava. Ule mwachie fundi.

Springi ikichoka, mkanda unateleza: betri haichaji vizuri na maji hayazunguki inavyotakiwa. Beringi ikikwama, roli inaacha kuzunguka na mkanda unasuguana nayo mpaka unakatika. Hapo ndipo gari linachemsha, na ukilazimisha kuendelea unaunguza gasketi au kupindisha silinda hedi.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Kwenye baadhi ya pikapu za dizeli, pampu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta. Mkanda ukikatika, stelingi inakuwa nzito na breki inakuwa ngumu kwa wakati mmoja. Fikiria hilo likutokee ukiwa unashuka Kitonga na tani ya mzigo. Kwa hiyo hili si suala la gari kuzima tu, ni suala la uhai wako.

Dalili za kusikiliza na kuangalia

1. Mkanda unalia kwa sauti kali asubuhi unapowasha, au unapokata kona ukiwa na mzigo.
2. Mngurumo au mkwaruzo wa vyuma usioisha upande wa mikanda. Hiyo mara nyingi ni beringi.
3. Mkono wa tenshena unatikisika sana injini ikiwa inaunguruma. Kutikisika kidogo ni kawaida, kurukaruka si kawaida.
4. Vumbi la kutu jekundu kuzunguka shina la mkono.
5. Mkanda umelika ukingoni au unatembea pembeni ya roli. Maana yake kuna kitu hakijanyooka.
6. Taa ya betri inawaka kwenye deshibodi.

Kuna kipimo rahisi cha mkanda unaolia. Injini ikiwa inaunguruma, simama pembeni, kisha nyunyizia maji kidogo upande wa mifereji kwa chupa ya kunyunyizia. Sauti ikipotea kwa muda halafu ikarudi, shuku puli ambayo haijanyooka. Sauti ikizidi, mkanda haubanwi vya kutosha, na tenshena ndiyo ya kwanza kushukiwa. Weka mbali mikono, mikono ya shati na kamba za koti.

Kwa alteneta, tumia mita ya umeme. Kwenye gari la volti 12, injini ikiwa inaunguruma, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikisoma pungufu, anza kukagua mkanda kabla hujanunua betri mpya. Wapo walionunua betri kumbe tatizo lilikuwa mkanda.

Kubadilisha, hatua kwa hatua

Injini iwe imezimwa na imepoa. Toa waya hasi wa betri.

1. Piga picha njia ya mkanda kwa simu. Ukiufunga kinyume, pampu ya maji inaweza kuzunguka upande usio wake.
2. Weka spana ya mpini mrefu kwenye kichwa cha tenshena, izungushe taratibu upande wa kulegeza, kisha toa mkanda kwenye roli laini. Rudisha mkono polepole. Springi ile ina nguvu, ukiiachia ghafla inavunja kidole.
3. Mkanda ukiwa nje, zungusha kila puli kwa mkono. Inayokwaruza, inayokwama au inayochezacheza nayo ina beringi mbovu. Usiiruke hatua hii, maana tenshena mpya haitibu beringi ya alteneta.
4. Fungua bolti za tenshena ya zamani. Iweke sambamba na mpya: urefu wa mkono, upana wa roli na matundu ya bolti vilingane.
5. Funga mpya. Nyingi zina kipini kidogo nyuma kinachoingia kwenye tundu lake. Kisipokaa vizuri, roli inakaa upande. Kaza kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.
6. Rudisha mkanda kwa kufuata picha yako, roli laini iwe ya mwisho. Pitisha kidole kila puli kuhakikisha kila mfereji umekaa mahali pake.
7. Rudisha waya wa betri, washa, na angalia dakika chache. Roli itulie na mkanda utembee katikati.

Badilisha mkanda na tenshena pamoja. Mkanda mpya juu ya springi iliyochoka utakufa mapema. Na tenshena ya mtumba usiichukue hata ikiwa bei nzuri, kwa sababu springi yake hujui imetumika kiasi gani.

Pikapu za zamani

Pikapu nyingi za zamani za dizeli hazina tenshena ya springi. Unakaza mkanda kwa bolti ya alteneta. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya sehemu ndefu zaidi. Ushuke kama sentimita 1. Ukikaza kupita kiasi unaua beringi za alteneta na pampu ya maji.

Matunzo

Mikanda mingi ya mifereji hudumu karibu kilomita 100,000 kwenye lami. Sisi tunatembea kwenye vumbi na makapi, kwa hiyo kagua kila unapobadilisha oili. Oili ikivuja juu ya mkanda, ziba kwanza panapovuja. Usipake grisi, sabuni wala dawa ya kunyunyiza ili kunyamazisha kelele. Hizo zinaficha ugonjwa tu, kama mtu anayepaka rangi jani lenye ukungu.

Weka kwenye gari mkanda wa akiba na spana yake. Taa ya betri ikiwaka pamoja na mshale wa joto kupanda, usiseme "nifike pale mbele". Paki mahali salama, zima injini, na usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto.

Kazi ya wiki hii: kabla hujaanza kuvuna, nenda duka la spea uulize bei ya tenshena na mkanda wa gari lako. Iandike. Pembeni andika thamani ya mzigo mmoja wa shamba lako, na ongeza gharama ya kutengeneza silinda hedi. Ukiziona hizo namba pamoja, utajua pesa ya matengenezo itoke kwenye fungu gani la msimu.

Kazi njema, na mfike sokoni salama.