Kung'arisha na Kupanga Nyumba Inayokaliwa: Namna ya Kulifundisha Somo Hili katika Shule ya Msingi

Utangulizi

Mwalimu mwanafunzi anapopangiwa kufundisha somo la unadhifu wa nyumba, aghalabu hulichukulia kuwa somo jepesi. Huchora ubaoni nyumba yenye sebule, vyumba vitatu na jiko. Huorodhesha vifaa vya kila chumba. Kisha huwaagiza wanafunzi wanakili. Kipindi hupita kwa utulivu, lakini jioni hakuna kitu kilichobadilika katika nyumba ya mtoto hata mmoja.

Hati ya Elimu ya Kujitegemea, iliyoandikwa na Mwalimu Nyerere na kutolewa mwezi Machi 1967, ilitaka elimu ya shule ya msingi imwandae mtoto kwa maisha atakayoishi, si kwa mtihani tu. Somo letu limepita katika majina mengi tangu wakati huo: kazi za mikono, sayansi kimu, stadi za kazi. Majina yamebadilika, ila swali limebaki lile lile: je, mtoto akirudi nyumbani aweza kufanya nini ambacho asubuhi hakuweza?

Makala haya yanaeleza namna ya kulifundisha somo hili kwa Darasa la Tano au la Sita katika vipindi vinne vya dakika 40. Mifano imechukuliwa Lemara, katika Jiji la Arusha, lakini mwalimu wa mahali pengine aweza kuibadili kulingana na mazingira yake.

Kosa moja la kujifunzia

Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule ambayo sitaitaja, nililifundisha somo hili kwa njia niliyoieleza hapo juu. Baada ya kuchora nyumba yangu ubaoni niliwaambia wanafunzi wachore nyumba zao na kuandika kasoro zake. Msichana mmoja alichora nyumba yenye madirisha manne na bustani ya maua. Jirani yake aliitazama picha hiyo, akacheka kwa sauti, akasema mbele ya wote kwamba mwenzake anakaa na mama yake na wadogo zake katika chumba kimoja cha kupanga. Darasa zima lilicheka. Msichana yule hakuonekana shuleni kwa siku mbili.

Mwalimu mwenyeji wa darasa lile hakunikaripia. Aliniambia tu, "Mwenzangu, umewauliza watoto wana nini. Ungewauliza kwao wanafanya nini, tangu alfajiri mpaka usiku, kila mmoja angekuwa na jibu la kweli." Mpango wa somo unaofuata umejengwa juu ya maneno hayo.

Kuyajua mazingira

Kabla ya kuandika andalio la somo, mwalimu hana budi kuzijua nyumba za mahali anapofundisha. Katika mitaa kama ya Lemara zipo nyumba za wenyeji zenye vyumba kadhaa, na zipo nyumba za kupangisha ambamo familia kadhaa hutumia ua mmoja, kila familia ikiwa na chumba kimoja au viwili. Katika chumba kimoja pazia hutenganisha mahali pa kulala na mahali pa kukaa.

Hali ya nchi nayo hutawala kazi za nyumba. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400, chini ya Mlima Meru, ambao ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Udongo wake wa volkano hurutubisha migomba na kahawa, lakini wakati wa kiangazi hutimka vumbi laini liingialo kila ufa, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, huwa tope linaloingia ndani kwa viatu. Juni na Julai ni miezi ya baridi, na wapo watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili kupata joto. Jambo hili tutalirudia, kwa kuwa linahusu uhai wa watoto wetu.

Madhumuni ya somo

Mwisho wa vipindi vinne mwanafunzi aweze:
1. kueleza shughuli zinazofanyika katika nyumba na mahali panapofaa kila shughuli;
2. kupima chumba na kukokotoa eneo la sakafu na la kuta;
3. kueleza kwa nini ukuta mweupe huongeza mwanga;
4. kutengeneza kifaa kimoja cha kuhifadhia vitu;
5. kutaja hatari za chokaa na za jiko la mkaa, na namna ya kujikinga.

Kipindi cha kwanza: chumba uwanjani

Mwalimu asichukue nyumba ya mwanafunzi yeyote kuwa mfano. Wanafunzi wabuni familia ya darasa: bibi, mama, baba na watoto watatu, wanaokaa katika chumba kimoja chenye urefu wa mita 3.5 na upana wa mita 3. Kwa kamba na mambo wakichore chumba hicho uwanjani kwa kipimo chake halisi, wakionyesha mlango na dirisha.

Kisha wataje shughuli za familia hiyo kwa mfuatano wa saa: nani huamka kwanza, maji hukaa wapi, sare za shule hutundikwa wapi, nani huandika kazi ya shule na wakati gani, bibi hukaa wapi mchana. Kila kifaa kiwakilishwe kwa mstari ardhini. Kitanda cha nne kwa sita, kama mafundi seremala wanavyokiita kwa futi, kina upana wa mita 1.2 hivi na urefu wa mita 1.8. Vikishawekwa vitanda viwili, meza, ndoo na sanduku la nguo, wanafunzi wataona wenyewe kwamba mahali pa kukanyaga pamekwisha.

Hapo mwalimu aulize: "Je, familia yetu imebakiwa na nafasi gani ambayo haijatumika?" Asiharakishe kutoa jibu. Wanafunzi wapige hesabu. Eneo la sakafu ni 3.5 x 3, yaani mita za mraba 10.5. Mzingo wa chumba ni mita 13. Kuta zikiwa na kimo cha mita 2.4, eneo lake ni mita za mraba 31.2. Tukitoa mlango wa mita 0.9 kwa 2 na dirisha la mita 0.9 kwa 1, zinabaki mita za mraba 28.5. Kumbe kuta ni karibu mara tatu ya sakafu. Mtu mwenye chumba kidogo amenyimwa sakafu, lakini hakunyimwa kuta.

Mwalimu aweza kueleza hapa kwamba maarifa haya si mageni kwetu. Katika nyumba za kale za mawe za Lamu, mafundi walijenga zidaka, yaani vishubaka vingi vilivyopangwa ndani ya ukuta, ambamo vyombo viliwekwa kwa hifadhi na kwa pambo. Ukuta ulipakwa chokaa nyeupe, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Ukuta mmoja ulifanya kazi tatu: kugawa nyumba, kuhifadhi vitu na kuangaza.

Kipindi cha pili: mwanga na chokaa

Waanze na jaribio. Darasa litiwe giza kiasi, kisha mwanafunzi mmoja asimame karibu na dirisha akiwa ameshika kitabu, na mwenzake asimamishe nyuma yake kwanza karatasi nyeusi, baadaye karatasi nyeupe. Maandishi yasomwe mara zote mbili. Wanafunzi watatambua kwamba dirisha halikuongezwa, bali mwanga ule ule umerudishwa. Ukuta uliopakwa chokaa vizuri hurudisha takribani sehemu 8 kati ya 10 za mwanga unaoupiga, hali ukuta wenye masizi huumeza karibu wote.

Vipimo vya kufaa ni kilo 4 za chokaa iliyozimwa, kilo 1 ya chumvi na lita 6 za maji. Chumvi iyeyushwe kwanza katika maji, ndipo chokaa itiwe kidogo kidogo huku ikikorogwa mpaka iwe kama maziwa mazito. Mchanganyiko uchujwe kwa kitambaa. Ukuta ufagiliwe masizi na vumbi, kisha unyunyiziwe maji, kwa kuwa ukuta mkavu hunyonya maji ya chokaa upesi na chokaa hubanduka. Ni bora kupaka mara tatu kwa wepesi kuliko mara moja kwa uzito.

Wanafunzi waonywe mapema kwamba chokaa mbichi haionekani nyeupe. Weupe hutokea inapokauka. Sababu yake ifundishwe katika sayansi: chokaa hufyonza hewa ya ukaa na polepole hurudi kuwa jiwe. Kwa Arusha, miezi ya Januari, Februari na ile ya kuanzia Agosti hadi Oktoba inafaa kuliko ya mvua. Ukuta uliokwisha kupakwa rangi ya mafuta haushiki chokaa.

Zoezi lifanyike kwenye ukuta wa shule, kama vile wa stoo au wa jiko. Mwanafunzi asipewe kazi ya kuchanganya chokaa. Hiyo ni ya mwalimu.

Kipindi cha tatu na cha nne: vifaa vya ukutani

Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vitatu, kila kikundi kitengeneze kifaa kimoja.

Kikundi cha kwanza: ubao wa nguo. Ubao wa sentimita 120 upigwe msasa, kisha vigingi vya mti vipachikwe kila baada ya sentimita 15, kuanzia sentimita 15 kutoka ncha moja. Waulizwe kabla ya kupima: vigingi vitakuwa vingapi? (Saba.) Vigingi viinamie juu kidogo ili nguo zisidondoke. Ubao wa watoto uwekwe kwenye kimo cha mita 1 hivi, kwani mtoto hawezi kutundika sare yake mahali asipopafikia.

Kikundi cha pili: rafu ya makasha. Makasha ya mbao ya nyanya hupatikana sokoni kwa bei nafuu. Yaoshwe, yakaushwe juani, na misumari iliyochomoza ing'olewe. Mawili yasimamishwe moja juu ya jingine, yafungwe pamoja kwa misumari, na ya chini ikalishwe juu ya matofali ili unyevu usiifikie. Vitu vizito vikae chini. Vipande vya kitambaa kutoka kwa fundi cherehani hutosha kuwa pazia la kuzuia vumbi.

Kikundi cha tatu: mfuko wa ukutani. Gunia safi au kitenge kikuukuu kishonewe mifuko ya ukubwa mbalimbali: ya daftari, ya kalamu, ya vitana, ya kadi za kliniki.

Familia iliyopanga isipigilie kitu ukutani bila idhini ya mwenye nyumba. Kwa ajili hiyo rafu ya makasha, ambayo husimama yenyewe, ndiyo ifaayo zaidi, na mwalimu ataje jambo hili waziwazi.

Mwisho, darasa zima lirudi kwenye chumba cha uwanjani na kuvipangia vifaa hivi mahali. Mahali pa kwanza pa kuamua pawe mahali pa kusomea: karibu na dirisha, mwanga ukitoka kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia.

Tahadhari

Chokaa huunguza ngozi, na ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Mpakaji ajikinge macho na mikono. Ikiingia jichoni, lioshwe papo hapo kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe zahanati. Chokaa isiyozimwa isitumike kabisa, kwani huchemka inapokutana na maji.

Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hufa bila kuamka. Mwanafunzi asidhani kwamba chumba cheupe chenye pazia safi ni salama ikiwa jiko limo ndani na dirisha limezibwa kwa sababu ya baridi.

Tathmini

Mwalimu asiende kukagua nyumba za wanafunzi, wala asiwatake waeleze mbele ya darasa yaliyomo kwao. Apime vifaa walivyotengeneza, hesabu zao na sababu wanazotoa. Swali moja latosha: "Ndoo ya maji umeiweka hapa kwa sababu gani?" Anayependa kueleza alichokifanya nyumbani asikilizwe, asiyependa aachwe.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa njia ya redio na vikundi vya kujifunza. Watu walisikiliza pamoja, wakajadili, kisha wakafanya kazi wenyewe mahali walipoishi. Njia hiyo yafaa darasani pia.

Hitimisho

Nililirudia somo langu wiki iliyofuata kwa njia ya chumba cha uwanjani. Msichana yule alikuwapo. Watoto waliotoka katika nyumba kubwa walivipanga vitanda mara tatu bila kupata njia ya kupita. Yeye aliingia ndani ya mistari, akasogeza ndoo nyuma ya mlango, akaweka sanduku chini ya kitanda, akamkalisha bibi karibu na dirisha, akaeleza sababu ya kila kitu. Hakuna aliyecheka, kwa sababu katika darasa lile hakuna aliyeijua kazi hiyo kuliko yeye.

Maswali ya kujadili
1. Andika andalio la kipindi cha kwanza kwa nyumba za mahali unapotoka.
2. Katika eneo lako, ni vifaa gani vyaweza kutumiwa badala ya makasha ya nyanya?
3. Mwanafunzi akimcheka mwenzake kwa sababu ya makazi yake, utafanya nini papo hapo, na utafanya nini baadaye?