Moto wa Ufipa na Miti ya Shinyanga

Mwimbi ni mahali katika nchi ya Ufipa, Wilaya ya Kalambo, Mkoa wa Rukwa. Nchi hiyo imeinuka baina ya maziwa mawili, Tanganyika na Rukwa. Ni nchi ya nyasi na upepo. Sehemu nyingi hazina miti, na baridi ya Juni na Julai ni kali. Ukosefu wa kuni huko ni taabu kubwa, nayo huwaangukia kwanza akina mama na wasichana, maana ndio waendao kuzitafuta.

Wafipa wa kale walikuwa wahunzi mashuhuri. Walijenga matanuru ya udongo yapitayo kimo cha mtu, wakayaita malungu. Chini waliacha matundu ya hewa, wakajaza makaa na mawe ya chuma, wakatia moto. Hawakutumia mivukuto, kwa kuwa tanuru kwa urefu wake lilijivutia upepo lenyewe. Chuma kilichotoka kilikuwa na taka bado. Wakakichoma tena katika tanuru dogo lenye mivukuto, ndipo wakafua majembe. Kazi ya ajabu! Lakini kila jembe lilikula makaa, na kila gunia la makaa lilikula miti. Majembe ya Ulaya yalipoletwa, malungu yakazimika, na mengine yangali yamesimama. Moto wa jikoni haukuzimika.

Je, nchi iliyovuliwa miti yaweza kuvikwa tena? Tutazame Shinyanga, nchi ya Wasukuma. Wakati wa utawala wa Waingereza misitu ya huko ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Pamba ikalimwa, ng'ombe wakazidi. Wasukuma walikuwa na desturi ya kutenga ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kinapokaza. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijiji vipya, na ngitili nyingi zikaachwa nyuma. Nchi ikawa kavu hata Rais Nyerere akaiita jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, au HASHI. Kwanza mabwana misitu walileta miche ya miti ya kigeni, wala watu hawakuipenda sana. Baadaye waliwauliza wenyeji, nao wakataja ngitili. Basi vijiji vilikaa pamoja, vikapima mipaka, vikaweka faini. Mkutano wa jadi uitwao dagashida uliamua, na sungusungu wakalinda. Mwaka 1986 zilikuwapo hekta 600 hivi za ngitili; miaka michache baada ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000. Mashina ya zamani yalichipuka yenyewe. Kuni, asali, dawa na nyasi za kuezekea zikarudi, na miti hiyo hufyonza hewa ya ukaa inayozidisha joto la dunia. Hata hivyo ugomvi haukukosekana, kwa maana mwenye ng'ombe wengi alifaidi kuliko maskini.

Sheria ya leo inawapa watu wa Ufipa nguvu ya kufanya vivyo hivyo. Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana sauti katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji chaweza kutenga msitu wake. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huruhusu vijiji jirani kupatana juu ya ardhi wanayoitumia pamoja, jambo lenye maana, kwa kuwa mto hautambui mpaka.

Penye mkutano kama huo huwa na swali moja gumu. Kilima kikifungwa leo, mama atapika kwa nini kesho? Mti huchukua miaka, bali chungu hakingoji. Kwa hiyo vijiji vyenye busara hufunga sehemu na kuacha sehemu, hupanda miti ya kuni karibu na nyumba, na kujenga majiko ya udongo yanayokula kuni chache. Serikali nayo ilitoa mwaka 2024 mpango wa kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034.

Maswali
1. Kwa nini malungu hayakuhitaji mivukuto?
2. Ngitili hufungwa lini, na kwa nini?
3. Kama wewe ungekuwa mkutanoni, ungefunga sehemu gani ya kijiji chako? Nani angelalamika?