Nimngoje wakala hadi lini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni Mtanzania, mwenyeji wa Mwanza, naishi Sydney na mume wangu na watoto watatu. Kwa miaka mitatu tulipanga nyumba Blacktown, kodi dola 520 kwa wiki. Tulipoingia tulilipa bondi ya wiki nne, dola 2,080. Huu ni mwezi wa pili tangu tuhame na pesa hatujaiona. Kwanza wakala alisema tumngoje mwenye nyumba arudi safari. Kisha akasema mazulia ya nyumba nzima lazima yabadilishwe kwa sababu ya alama ya pasi chumbani kwa watoto (hiyo ni kweli, tuliunguza sisi), na kwamba hatukuleta risiti ya kampuni ya kusafisha mazulia. Hatufugi hata paka, na nyumba tuliiosha wenyewe hadi usiku wa manane. Juzi kanitumia fomu nitie sahihi, sehemu ya kiasi iko wazi. Anasema atajaza yeye.

Ripoti ya hali ya nyumba tuliisaini siku ya kwanza bila kuisoma. Jina la shemeji yangu, aliyekuwa anaishi nasi kabla hajahamia Perth, nalo lipo kwenye bondi. Mume wangu anasema tumwachie Mungu, tukigombana na wakala hatutapata nyumba tena mji huu. Lakini bondi ya nyumba mpya tuliikopa kwa wenzetu wa kanisani, na tunaona haya kukutana nao. Nifanyeje?

Mama wa Watatu, Sydney

Marahaba mwanangu, na poleni na kuhama.

Fomu hiyo usiitie sahihi. Mwandikie wakala mstari mmoja tu kwa barua pepe, kwamba husaini dai la pesa lisiloandikwa kiasi. Basi, usimweleze zaidi.

Sasa nisikilize, maana katika barua yako yote unaandika kana kwamba pesa iko mfukoni mwa wakala. Najua ulikoitoa fikra hiyo. Mwanza unamkabidhi mwenye nyumba kodi ya miezi sita au ya mwaka, dalali anachukua ya mwezi mmoja, na kama uliweka amana, kuipata tena ni kwa hisani ya aliyeipokea. Unapiga simu, unatuma watu wazima wakusemee, unabembeleza. New South Wales, jimbo lenu, waliliona tatizo hilo hilo, na mwaka 1977 wakatunga sheria ya kuiondoa bondi mikononi mwa wenye nyumba na mawakala wao na kuiweka serikalini. Leo inasimamiwa na NSW Fair Trading. Wakala anaweza kuidai kwa niaba ya mwenye nyumba. Wewe nawe unaweza kuidai, na huhitaji ruhusa yake wala kumsubiri mwenye nyumba ashuke kwenye ndege. Muda wote huu umekuwa ukimwomba mtu kitu ambacho si chake kukupa.

Kwa hiyo dai wewe kwanza. Kama bondi ililipwa kupitia mfumo wao wa mtandaoni, Rental Bonds Online, ingia kwenye akaunti yako uombe kurudishiwa. Kama huna akaunti, tafuta namba ya bondi kwenye barua au risiti uliyotumiwa mlipohamia, kisha wapigie Fair Trading, 13 32 20. Wakikuambia hakuna bondi yoyote kwa nyumba hiyo, toa malalamiko papo hapo, kwa sababu kupokea bondi na kutoiwasilisha ni kosa la kisheria.

Ukiomba bila ridhaa ya wakala, Fair Trading inampelekea taarifa ya dai lako, na anapewa siku 14. Akitaka kupinga ni lazima apeleke shauri NCAT, baraza linaloamua migogoro ya wapangaji na wenye nyumba, na awajulishe Fair Trading kwamba amefanya hivyo. Akikaa kimya, unalipwa ulichodai. Ndiyo maana mawakala wa namna hii hupenda kukuzungusha kwa simu na ahadi: ukimya wao hauwagharimu kitu hadi siku utakapodai.

Lakini siku hizo 14 zinakata pande zote mbili. Yeye akitangulia kudai, taarifa inakuja kwako, na usipokwenda NCAT ndani ya muda huo pesa inaweza kulipwa kama alivyotaka yeye. Wewe umehama. Je, Fair Trading wana anwani yako mpya, au barua itaangukia sandukuni Blacktown kwa wapangaji wasiokujua? Badilisha anwani, barua pepe na namba ya simu leo hii. Hili linanitia wasiwasi kuliko mazulia.

Nayo mazulia tuyaseme kwa haki. Alama ya pasi ni yenu, na umefanya vizuri kuikiri. Lakini chumba kimoja si nyumba nzima. Tena zulia lililokwisha kukanyagwa miaka mingi halilipwi kwa bei ya zulia jipya. Baraza huangalia umri wa kitu. Muulize wakala kwa maandishi zulia lile liliwekwa mwaka gani, na kama linaweza kutiwa kiraka. Kuhusu risiti ya kampuni, sheria ya upangaji ya 2010 hairuhusu mkataba umlazimishe mpangaji kuwalipa wasafishaji wa mazulia, isipokuwa suala la mnyama wa kufugwa, nanyi hamkufuga. Mnachodaiwa ni kuiacha nyumba safi kama mlivyoikuta, kwa kadiri inavyowezekana, ukiondoa uchakavu wa kawaida wa watu kuishi. Zulia kufifia pale jua linapopiga dirishani, au kulala pale watoto walipokuwa wakipita, ni uchakavu wa kawaida. Kuunguza kwa pasi sio.

Ningekuwa wewe, ningetoa kwanza thamani ya haki ya chumba kile, kisha ningedai iliyobaki. Mtu anayeanza kwa kukubali kosa lake husikilizwa anapokataa lisilo lake. Wakala naye akidai bila ridhaa yako, analazimika kukupa ndani ya siku saba nakala ya ripoti ya mwisho ya hali ya nyumba pamoja na makadirio ya gharama au risiti. Zidai kwa maandishi, na hesabu ya mdomo usiikubali.

Ripoti ya kwanza mliisaini bila kusoma, na itawapa kazi, siwezi kukuficha. Kwa kawaida mpangaji ana siku saba za kuijaza na kuirudisha, na siku hizo ndizo za kuandika kila mkwaruzo. Kwenye nyumba mpya msirudie. Hata hivyo hamko mikono mitupu. Mlipoingia Blacktown, naamini mliwatumia wazazi Mwanza picha na video kwenye WhatsApp, mkiwazungusha sebuleni na vyumbani waone mlipofikia. Waombe wazitafute. Picha hizo zina tarehe, na nyuma ya watoto wanaocheka kuna zulia, kuta na mapazia. Ziwekeni pamoja na mlizopiga siku ya kutoka. Mbele ya baraza mwenye nyumba ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba uharibifu ulifanywa na ninyi.

Mumeo ana hofu ya kuandikwa vibaya, na hofu yake ina msingi, kwani orodha za wapangaji wenye matatizo zipo kweli. Ila sheria inabana sana nani aingizwe. Ni lazima upangaji uwe umekwisha na mpangaji awe amevunja mkataba, na kwa kosa hilo ama anadaiwa pesa inayozidi bondi, ama baraza liliamuru upangaji wake ukome. Hata hapo ajulishwe kwanza. Kudai bondi yako si kosa. Msomee haya taratibu, bila kumfanya aonekane mwoga. Anawaogopea watoto wasikose pa kulala.

Mkifika NCAT mtaombwa kwanza mjaribu kupatana na wakala. Mpatane kwa kiasi mnachoona ni haki, si kwa sababu mnataka tu yaishe. Kiingereza kikiwakwamisha, ombeni mkalimani wa Kiswahili mapema, bila malipo. Kwa simu za ofisi za serikali, 131 450 ni huduma ya ukalimani. Na kabla ya yote mtafute Tenants' Advice and Advocacy Service ya eneo lenu. Ushauri wao ni bure, nao watawaangalizia karatasi.

Limebaki jina la shemeji yako. Akiwa bado ameandikwa kwenye bondi, dai lako bila ridhaa yake litamfuata na yeye hadi Perth, na malipo yatachelewa. Mpigie leo, mkubaliane sehemu yake ni kiasi gani, kisha akuandikie kwa barua pepe. Yakitulia hapo, bonyeza kitufe cha kudai.