Tumbo la Mbwa Linaponguruma

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza habari za malaria, maji safi na chakula cha watoto. Leo tuzungumze habari za tumbo la mbwa. Najua wako watakaocheka na kuuliza, je, mganga wa zahanati ameacha watu akahamia kwa mbwa? Sikuacha. Maswali haya naletewa zahanatini, tena na wakulima watu wazima: "Mganga, mbwa wangu tumbo limenguruma usiku kucha, nimpe dawa gani?" Na mara nyingi anayeuliza amekwisha mpa kidonge alichokikuta nyumbani. Tiba ya mbwa ina wenyewe, nao ni daktari wa mifugo na ofisa mifugo wa kata. Lakini tumbo la mbwa na afya ya watoto wa nyumba ile ni mambo yaliyofungamana, na hapo ndipo kazi yangu inapoingia.

Huku kwetu, tangu Mlandizi na Ruvu hadi Masaki na Maneromango, mbwa ni mfanyakazi. Nguruwe mwitu na ngedere hujua siku muhogo unapokomaa kabla ya mwenye shamba kujua, na mkulima asiye na mbwa hana budi kulala shambani. Hata katika nyumba ambazo kwa dini yao hawaruhusu mate ya mbwa yaguse chombo wala nguo, utamkuta mbwa amewekwa pembeni ya shamba, akitupiwa ukoko wa ugali jioni. Mfanyakazi huyu akiugua, muhogo unaliwa.

Sasa tuelewe mngurumo wenyewe. Utumbo ni kama mpira mrefu wenye kuta za misuli. Misuli hiyo hujikaza na kulegea kwa zamu na kusukuma chakula mbele kidogo kidogo, mfano wa vidole vinavyokamua ng'ombe. Ndani yake mna chakula, majimaji na hewa. Hewa na maji vikibanwa na kupitishwa mahali pembamba, hutoa sauti. Chukua chupa, itie maji nusu, izibe, kisha itikise. Sauti utakayoisikia ndiyo hiyo hiyo. Tumbo tupu ndilo hupiga kelele zaidi, kwani halina chakula cha kuzuia sauti, na pia kwa sababu tumbo lisilo na kitu hujikaza kwa nguvu kila baada ya muda ili kufagia mabaki.

Kwa hiyo mngurumo peke yake si ugonjwa. Kwa mbwa anayetapika, tumbo lililonyamaza kimya kabisa laweza kuwa la kuogopesha kuliko linalonguruma, kwa maana huenda utumbo umeacha kazi yake.

Mbwa wetu wengi hula mara moja tu, jioni. Alfajiri tumbo ni tupu, linanguruma, na mbwa anatapika povu la manjano. Mwenyewe akiliona anashtuka na kusema mbwa amelishwa sumu. Mara nyingi povu hilo ni nyongo tu iliyopanda kwenye tumbo lenye njaa. Dawa yake haiuzwi dukani: kigawe kile kile chakula chake mara mbili, nusu asubuhi na nusu jioni. Akiwa mzima na mchangamfu, siku chache baadaye utaona povu limekoma. Lisipokoma, hapo kuna jambo jingine.

Chakula chenyewe nacho kina makelele yake. Kunde na maharage huleta hewa. Maziwa humharisha mbwa mkubwa, kwa sababu wengi wao wakishaacha kunyonya hupoteza uwezo wa kuyameng'enya. Machicha ya nazi, ambayo kila jikoni ya Pwani huyatupa, yana mafuta mengi. Akiyala kwa wingi tumbo huchafuka. Muhogo mchungu mbichi na maganda yake msimpe kabisa, kwani sumu inayowadhuru watu haimwachi mbwa.

Yapo pia mambo yasiyongoja kesho. Wakati wa maembe, watoto hula na kutupa kokwa, na mbwa huzimeza kwa ajili ya utamu uliobaki. Kokwa la embe halisagiki tumboni. Gunzi la hindi la kuchemsha ni vivyo hivyo. Vitu hivi viwili hupita kooni vizuri, kisha hukwama kwenye utumbo mwembamba. Mbwa atatapika kila akilacho na hata maji, atakataa chakula, atainama mgongo kwa maumivu, na choo kitakoma. Huyu anahitaji daktari wa mifugo, pengine kwa upasuaji, na kumpa dawa ya kuharisha ili "asafishike" ni kumwongezea hatari. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha kali. Afadhali uichome moto.

Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu akivimba tumbo ghafla likawa gumu kama ngoma, akawa anajikakamua kutapika pasipo kutoa kitu, huku mate yanamtoka, tumbo lake limejaa hewa na huenda limejipinda. Hapo hesabu ni ya saa, si ya siku.

Mtoto wa mbwa anayeharisha damu yenye harufu kali na kutapika huenda ana ugonjwa wa virusi vya parvo, ambao unaua haraka na una chanjo yake. Msomjua mpimeni hivi: vuta ngozi ya shingoni kisha iachie. Ikikawia kurudi mahali pake, maji ya mwili yamepungua. Funua mdomo wa juu utazame ufizi, maadamu ni mbwa mtulivu unayemfahamu na hatokwi mate. Ufizi wa mbwa mzima ni wa pinki. Ukiwa mweupe kama karatasi damu imepungua, na kwa watoto wa mbwa wa huku sababu mara nyingi ni minyoo ya safura.

Mbwa mkubwa aliyeharisha kidogo tu, bila damu wala kutapika, na bado anatikisa mkia, mnyime chakula kwa nusu siku lakini maji msimnyime. Mnaweza kumpa maji ya chumvi na sukari yale yale tunayowafundisha akina mama: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Apewe kidogo kidogo. Kisha wali laini na samaki aliyetolewa miba. Mtoto wa mbwa asifungishwe, kwani hana akiba mwilini.

Nimetaja vidonge. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo siku hizi zimo katika kila nyumba kwa ajili ya mgongo na meno, huweza kumtoboa mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo. Panado humdhuru ini na damu. Mtu anampa mbwa kidonge ili kumtuliza tumbo, kumbe ndiyo anamtia ugonjwa wa tumbo. Dawa ya minyoo ya mbuzi au ya watu nayo isigawiwe kwa kukisia; kipimo cha mbwa hutokana na uzito wake.

Sasa tufike kwenye minyoo, maana hapa ndipo mbwa na mtoto wako wanapokutana. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa linalonguruma, mbavu zikiwa nje na manyoya hayang'ai, usimsifu kuwa ameshiba. Ana chango. Mbwa huzaliwa nazo, kwani chango hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto tumboni, na kwa maziwa pia. Safura huwapata kwa maziwa na kwa udongo. Ndiyo maana wataalamu wa mifugo huanza kuwapa dawa wakiwa na umri wa wiki 2, wakarudia kila baada ya wiki 2 hadi wiki kama 12, na mama yao hupewa pamoja nao. Baada ya hapo mbwa mkubwa hupewa mara kadhaa kwa mwaka.

Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi. Udongo wetu mwingi ni mchanga, na kivulini mwa mwembe au mkorosho hubaki na unyevu. Viluwiluwi vya safura ya mbwa hupenda mahali kama hapo, na ndipo watoto wanapochezea miguu mitupu. Viluwiluwi hivyo hupenya ngozi ya mtoto, lakini kwa kuwa mtu si mbwa, hupotea njia, vikabaki vinatembea chini ya ngozi. Utaona mstari mwembamba mwekundu ulioinuka, umejikunja kama njia ya mchwa, unasogea kila siku na kuwasha mno usiku. Zahanatini naletewa watoto wenye mistari hiyo miguuni na matakoni, wengine wamekwisha pakwa mafuta ya taa, na mmoja alipakwa maji ya betri. Kidonda cha betri kilichukua muda kupona kuliko mdudu mwenyewe, ambaye anatibika kwa albendazo au ivermektini kwa kipimo cha mganga. Nikiuliza kama kuna mbwa nyumbani, mama hunitazama kana kwamba nimepotea.

Mayai ya chango nayo, yakikaa kwenye udongo wiki mbili tatu, yaweza kummeza mtoto kwa mikono yake mwenyewe, maana mtoto huyala pamoja na udongo. Yakianguliwa, viluwiluwi huenda hadi kwenye ini, mapafu, na mara chache kwenye jicho.

Mwaka 1973 babu na bibi zetu walikusanyika kwenye vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakachimba vyoo nchi nzima. Vyoo vile ni kinga kubwa ya safura ya watu. Lakini mbwa hana choo, na hakuna redio itakayomfundisha. Kinyesi chake sharti kiokotwe kwa jembe kila siku na kufukiwa au kutupwa chooni, kabla mayai hayajapata nguvu. Hii ni kazi ya dakika tano, na nisingependa ipewe mtoto mdogo.

La mwisho ndilo zito. Unaweza kumkuta mbwa taya limelegea, mate yanamtiririka, hawezi kumeza, sauti imebadilika na anajikaba kama mwenye mfupa kooni. Mtu mwenye huruma hutia mkono kinywani autoe mfupa. Ndugu msomaji, usitie mkono. Huenda huo si mfupa bali ni kichaa cha mbwa, kilichokwisha kupooza koo lake, na virusi vimo ndani ya mate yale. Kichaa si lazima kianze kwa kung'ata na kukimbia ovyo; wako mbwa wanaonyamaza tu na kuonekana wagonjwa wa tumbo au wa koo. Mwache, ondoa watoto, na umwite ofisa mifugo.

Kama mate yake yamekwisha gusa jeraha, macho au mdomo, au umeng'atwa, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa au kwa kuhesabu. Usitie majivu wala mafuta. Kisha nenda siku hiyo hiyo kwenye kituo cha afya au hospitali, kwani chanjo inazuia ugonjwa ikiwahi, lakini dalili zikishaanza hakuna tiba. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Kuanzia mwaka 2010 na kwa miaka kadhaa, wilaya za kusini mashariki mwa nchi, pamoja na Mkoa wetu wa Pwani, ziliingizwa katika mpango mkubwa wa kuchanja mbwa. Hesabu ya wataalamu ni kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Lakini mbwa huzaa na wengine hufa, kwa hiyo waliochanjwa mwaka jana si wote walioko leo. Ulizeni kwa ofisa mifugo wa kata siku ya chanjo, mpeleke mbwa akiwa amefungwa kamba, na watoto wake muwachukue ndani ya kapu.