SOMO: MELI ILIYOKATWA IKAUNGWA



Somo letu la leo linatoka Marekani, kwa walinzi wa pwani. Tumelichagua kwa sababu linamhusu kila anayesimama mbele ya mashine.

Meli zenyewe
Zinaitwa aina ya Island, maana kila moja ilipewa jina la kisiwa. Zilijengwa 49 huko Louisiana, kuanzia miaka ya 1980. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 33 na nusu na mabaharia 16, na mwendo wake ulizidi kilomita 50 kwa saa. Kazi yao ilikuwa kuokoa watu na kukamata magendo. Ili ziende mbio, gamba lao lilifanywa la chuma chembamba.

Yaliyotokea
Zilipoanza kuchakaa, iliamuliwa zirefushwe mita 4, zipate mahali pa kushushia mashua kwa nyuma. Zikaanza nane. Sasa tufikirini: meli ni kama boriti. Wimbi likiinua katikati, ncha mbili huning'inia. Likiinua ncha, katikati hubonyea. Ukiongeza urefu bila kuongeza nguvu ya kutosha, katikati hushindwa. Septemba 2004, meli ya kwanza, Matagorda, ilikuwa ikikimbia tufani. Gamba lake likakunjamana. Zilitiwa nguvu, lakini haikusaidia. Novemba 2006 zote nane zilisimamishwa. Zaidi ya dola milioni 90 zilipotea.

Aliyeonya
Mhandisi mmoja wa kampuni iliyokuwa katika kazi hiyo alikwisha ona makosa mengine: redio za mashua zisizostahimili maji, na kamera za ulinzi zisizoona pande zote. Aliwaambia wakubwa zake mara nyingi. Hawakumsikiliza. Agosti 2006 alijipiga picha ya video akaeleza yote mbele ya umma. Mwezi huo huo alipoteza kazi. Mwaka 2007 wakaguzi wa serikali walithibitisha sehemu ya maneno yake.

Tunajifunza nini?
1. Chuma hakidanganyiki. Hesabu iliyokosewa ofisini hulipwa na aliye kazini.
2. Anayeonya si mchochezi. Analinda maisha ya wenzake, na mali ya kiwanda pia.
3. Yule mhandisi alisema peke yake, ikawa rahisi kumwondoa. Sisi tuna tawi. Ukiona mkanda usio na kinga, au bomba la dawa linalovuja shambani, mwambie mwakilishi wako. Andikeni, tieni tarehe, wekeni nakala.

Maswali ya kujadiliana tawini
(a) Ni mashine gani kwetu imeongezewa kazi bila kuongezewa nguvu?
(b) Nani aliwahi kuonya hapa, na alijibiwaje?
(c) Tawi lilisimama naye?

Swali la mwisho ndilo zito. Tulijibu kwa ukweli.