SOMO: Seva ya Barua Pepe Inapokwama

Barua pepe zikiacha kufika, wengi wetu hukimbilia kuzima seva na kuiwasha upya. Barua huanza kwenda, lakini chanzo hakijulikani na tatizo hurudi. Katika somo hili tunaeleza jinsi ya kutafuta chanzo kwenye seva inayotumia Linux.

Kila kazi inayoendelea ndani ya seva huitwa mchakato. Mmoja hupokea barua, mwingine huzisambaza. Mchakato mzazi huzaa watoto, na mtoto akimaliza kazi, mzazi anatakiwa kupokea taarifa yake ya mwisho. Fundi akiandika amri ps aux, aangalie safu ya STAT.

Herufi Z: Ni mchakato mfu. Kazi imekwisha, ila mzazi hajapokea taarifa. Umebaki jina tu kwenye orodha. Amri kill -9 haisaidii, kwani aliyekwisha kufa hauawi tena. Michakato mifu michache haina madhara. Ikizidi sana, orodha hujaa na kazi mpya hazianzi. Dawa ni kumtafuta mzazi kwa amri ps -ef, safu ya PPID, na kuanzisha upya programu hiyo peke yake. Mzazi akiondoka, kwa kawaida mchakato namba 1 huwachukua yatima wake na kuwaondoa.

Herufi D: Mchakato unasubiri, mara nyingi diski au hifadhi ya mtandao. Ukidumu hivyo kwa muda mrefu, umekwama, na kwa kawaida nao hausikii kill. Tukague diski kwa amri dmesg kabla barua hazijapotea.

Je, barua zilizosubiri ziko wapi? Programu ya Postfix huzitunza kwenye diski. Mipangilio yake ya awali isipobadilishwa, hujaribu kuzipeleka kwa siku 5 ndipo humrudishia mtumaji. Katika siku hizo mtumaji haonywi. Taarifa ya mradi iliyotumwa Jumatatu inaweza kukaa foleni hadi Jumamosi, huku kamati ikiamini kwamba wafadhili wameipata. Amri mailq huonyesha foleni hiyo.

Maswali ya kujadili katika kamati:
1. Nani kwetu huangalia foleni ya barua kila siku?
2. Kabla ya kuzima seva, fundi wetu huandika wapi alichokiona?
3. Taarifa yenye tarehe ya mwisho tunaithibitishaje kwa simu kwamba imefika?